Geraint Evans, baritoni wa opera na opereta: rekodi za kuanza nazo na za kuacha

Sir Geraint Evans aliliaga jukwaa mwaka 1984 na akafariki dunia mwaka 1992, kwa hiyo anayetaka kumfahamu sasa hana budi kumtafuta kwenye rekodi, na rekodi zenyewe ni nyingi na hazilingani ubora. Tathmini hii inahusu zile ambazo, kwa maoni yangu, zinaonyesha vizuri zaidi pande mbili za kazi yake. Upande mmoja kuna opereta (michezo myepesi ya muziki yenye mazungumzo) tatu za Gilbert, mwandishi wa maneno, na Sullivan, mtunzi wa muziki, alizoziimba kwa ajili ya kampuni ya EMI kati ya mwaka 1956 na 1958, okestra ikiongozwa na Sir Malcolm Sargent. Upande wa pili kuna Falstaff ya Verdi iliyoongozwa na Georg Solti mwaka 1963 na Die Meistersinger ya Wagner iliyoongozwa na Herbert von Karajan mwaka 1970. Nilitaka kujua kama baritoni (mwenye sauti ya kiume ya kati) aliyelelewa na opera anaweza kweli kuzitendea haki opereta za kuchekesha za Waingereza, ambazo nafasi zake kuu za uchekeshaji ziliandikwa kwa ajili ya watu waliosifika zaidi kwa kutamka maneno kuliko kwa sauti. Jibu linategemea sana opereta gani unaisikiliza.

Kabla ya kuzichambua rekodi, ni vyema msomaji ajue alikotoka mwimbaji huyu, kwa sababu safari yake inasikika katika uimbaji wake. Evans alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Cilfynydd, kusini mwa Wales, akiwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi katika duka la nguo, akaingia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na vita vilipokwisha akasoma uimbaji Hamburg na kisha Geneva. Mwaka 1948 alipokewa katika ukumbi wa opera wa Covent Garden, London, akapewa nafasi ndogo kabisa ya mlinzi wa usiku katika Die Meistersinger, na mwaka uliofuata akakabidhiwa nafasi ya Figaro katika Le nozze di Figaro ya Mozart. Baada ya hapo hakurudi nyuma: aliimba Falstaff katika tamasha la opera la Glyndebourne, Uingereza, mwaka 1957, Figaro katika La Scala ya Milano mwaka 1960, na Falstaff tena katika Metropolitan ya New York mwaka 1964. Mwaka 1969 alitunukiwa cheo cha Sir.

Tukio moja la miaka ya mwanzo linaeleza busara yake kuliko orodha ya kumbi. Benjamin Britten alipokuwa akiiandaa opera yake Billy Budd, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Covent Garden tarehe 1 Desemba 1951, Evans alipewa nafasi ya Billy mwenyewe. Aliipitia, akaona kwamba sehemu kubwa yake inakaa juu mno kwa sauti yake, akaikataa, akachukua badala yake nafasi ya ofisa wa meli aitwaye Mr Flint. Kwa kijana asiye na miaka 30, kukataa nafasi inayobeba jina la opera nzima na kukubali nafasi ya pembeni si jambo rahisi, lakini nadhani uamuzi wa namna hiyo ndio uliomwezesha kubaki jukwaani miongo mitatu mingine bila sauti kuchakaa mapema. Naye Flint, pamoja na ofisa mwenzake Redburn, ndiye anayeimba wimbo wa kuwakejeli Wafaransa, ambao ni miongoni mwa nyakati chache za kucheka katika tanzia ile ya baharini.

Sasa nianze na opereta. Anayenunua rekodi hizi za Sargent lazima aelewe kwanza ziliundwaje, la sivyo atazilaumu kwa kosa lisilo lao. Wakati huo kampuni ya maonyesho ya D'Oyly Carte ilikuwa bado inashikilia haki za kuonyesha kazi za Gilbert na Sullivan kwenye kumbi za kulipwa nchini Uingereza, na haki hizo zilikwisha mwishoni mwa mwaka 1961, miaka 50 baada ya kifo cha Gilbert. Waimbaji wa opera hawakuweza kwenda jukwaani kuzicheza, ila waliweza kuziimba studio. EMI ikawakusanya waimbaji wa daraja la kwanza, ikaongeza kwaya ya tamasha la Glyndebourne na okestra ya Pro Arte, ikamweka Sargent mbele yao, mtu ambaye alikuwa ameshaiongoza D'Oyly Carte tangu mwaka 1926. Mazungumzo yote ya mchezo yaliachwa nje. Kinachobaki ni muziki mtupu, na kwa baritoni mchekeshaji hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa nusu ya mhusika wake imo katika mazungumzo hayo. Washindani wao wa Decca walipoirekodi H.M.S. Pinafore mwaka 1960 wakiwa na kampuni yenyewe ya D'Oyly Carte, waliyaweka mazungumzo yote, na tofauti inasikika mara moja: kule kuna mchezo wa kuigiza, huku kuna tamasha la muziki.

Pengo hilo linaiumiza zaidi The Mikado. Evans anaimba nafasi ya Ko-Ko, fundi cherehani aliyehukumiwa kukatwa kichwa kwa kosa la kutongoza, kisha akatolewa gerezani na kupewa cheo cha mkata vichwa mkuu wa mji. Nafasi hii iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885 na George Grossmith, ambaye kabla ya opereta alikuwa akiburudisha watu kwa kukaa peke yake kwenye piano, akiimba na kusimulia. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Sullivan aliandika akilijua hilo: noti za Ko-Ko hazihitaji pumzi ndefu, zinahitaji ulimi mwepesi. Evans ana ulimi mwepesi, lakini pia ana sauti pana, yenye joto, inayotaka kuunganisha noti moja na nyingine hata pale ambapo neno lingechoma zaidi kama lingekatwa. Katika wimbo wa orodha ya watu wasiohitajika duniani, kila jina linatajwa kwa utulivu wa mtu mwenye uhakika na mshahara wake. Ko-Ko hana uhakika wa chochote. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kukatwa kichwa.

Wimbo wa ndege mdogo aliyejiua kwa ajili ya mapenzi una tatizo jingine, nalo ni la kupendeza. Evans anauimba vizuri kupita kiasi. Ko-Ko anaimba pale ili kumlaghai Katisha, mwanamke wa makamo mwenye hasira, amkubali kuwa mume na hivyo aokoe shingo yake. Ni uongo mtupu unaotungwa papo hapo. Mkononi mwa Evans umegeuka kuwa wimbo wa huzuni ya kweli, ukiwa na mstari mzuri wa sauti na pumzi iliyopimwa barabara, na msikilizaji asiyekijua kisa angeweza kudhani kwamba mtu huyu amefiwa. Nimeufurahia kama wimbo. Kama kichekesho, haufanyi kazi. Mwendo wa Sargent nao hausaidii, maana katika rekodi hii anatembea kama mtu anayeongoza maandamano ya kidini, na mara kadhaa nilijikuta nikiwahi mbele ya okestra.

Kuhusu The Gondoliers sina mengi. Evans ni mtawala wa Plaza-Toro, bwana mkubwa aliyefilisika anayejisifu kwa kuliongoza jeshi lake akiwa nyuma, na majivuno ya mhusika huyo yanaendana vizuri na sauti yenye mwili. Nafasi yenyewe ni fupi, na raha kubwa ya rekodi iko kwa Richard Lewis na John Cameron, wale waendesha mashua wawili wa Venice. Ni rekodi nzuri ya kusikiliza ukiwa na shughuli nyingine.

The Yeomen of the Guard ni habari nyingine kabisa, na ndiyo sababu ya mimi kuandika tathmini hii. Kati ya kazi zote za Gilbert na Sullivan, hii iliyoonyeshwa kwanza tarehe 3 Oktoba 1888 katika ukumbi wa Savoy ndiyo iliyokaribia opera kuliko nyingine walizoandika pamoja: inafanyika katika ngome ya Tower of London, kuna mfungwa anayesubiri kuuawa, na haimalizikii kwa kila mtu kupata mchumba. Evans anamwimba Jack Point, mchekeshaji mzururaji anayetembea na Elsie Maynard, msichana anayeimba naye mitaani. Elsie anakubali kuolewa na mfungwa huyo kwa pesa, akiwa amefungwa kitambaa machoni, kwa matumaini kwamba atakuwa mjane kabla ya jua kuzama. Mfungwa hafi. Mwishoni Elsie anampenda mume wake, na Point anabaki hana kitu.

Hapa elimu ya opera ya Evans inalipa. Sikiliza wimbo wa kwanza wa Point na Elsie, ule wa mchekeshaji aliyempenda msichana huku msichana akimpenda bwana mkubwa. Umejengwa kwa kurundika: kila ubeti unarudia mistari ya ubeti uliotangulia na kuongeza mingine juu yake, huku chini okestra ikishikilia mvumo uleule usiobadilika, kama zumari la mfuko wa ngozi. Inasimuliwa kwamba Sullivan alihangaika nao kwa muda mrefu hadi akamwomba Gilbert amnong'onezee wimbo wa mabaharia aliokuwa nao kichwani wakati akiandika maneno, na kutoka hapo akapata njia. Hatari ya wimbo wa aina hii kwenye rekodi ni uchovu, kwa sababu msikilizaji anajua kinachokuja. Evans anaepuka hatari hiyo kwa kutouimba mstari uleule kwa rangi ileile mara mbili. Mara ya kwanza ni mtangazaji wa barabarani anayewaita watu. Ubeti unaofuata sauti inalegea kidogo. Kufikia mwisho, anapofika kwenye sehemu ya mchekeshaji mwenye huzuni, ameiondoa karibu joto lote sautini bila kupunguza ukubwa wake. Hajaongeza kilio wala kicheko. Amebadilisha irabu tu, zikawa nyembamba na za mbele zaidi.

Katika tendo la pili kuna wimbo wa taabu za mchekeshaji aliyeajiriwa, anayetakiwa kuchekesha hata siku anayoumwa jino, na anayekatwa mshahara mzaha wake usipompendeza bwana. Ni wimbo wa maneno ya mbio, wa jamii moja na ile ya Ko-Ko, na nilitarajia udhaifu uleule. Haukuwepo. Sababu, nadhani, ni kwamba Point analalamika kweli. Malalamiko yana mstari, yana uzito, yanaweza kubebwa na sauti kamili. Kejeli ya Ko-Ko haiwezi.

Halafu kuna mwisho. Gilbert aliandika kwamba Point anaanguka bila fahamu, na tangu enzi za mwigizaji Henry Lytton imekuwa desturi ya jukwaani kumfanya afe. Kwenye rekodi hakuna anayemwona akianguka, kwa hiyo kazi yote ni ya sauti. Wimbo wa mwanzo unarudi katikati ya shangwe za harusi, na Evans anauimba akiwa amepungukiwa nguvu huku akiushikilia mstari hadi noti ya mwisho, pasipo kwikwi na pasipo kuivunja tuni kama wanavyofanya waigizaji wengi. Elsie Morison, anayeimba nafasi ya Elsie Maynard, anamjibu kwa upole wa mtu asiyejua la kufanya. Kwa sekunde chache hizo ukosefu wa mazungumzo hausikiki tena, na hata mwendo wa pole wa Sargent unageuka kuwa faida.

Kwa haki, niseme kwamba katika mfululizo huuhuu wa EMI nafasi nyingi za uchekeshaji zilikwenda kwa baritoni mwingine, George Baker, aliyezaliwa mwaka 1885 na ambaye alikuwa amerekodi nafasi hizi kwa miongo kadhaa ingawa hakuwahi kupanda jukwaani na D'Oyly Carte. Alipoimba Sir Joseph katika H.M.S. Pinafore mwaka 1958 alikuwa amevuka miaka 70. Sauti imekauka, lakini kila neno linafika likiwa limekunjwa vizuri, na anachekesha. Anayetaka kuelewa kwa nini Ko-Ko wa Evans hakufaulu amsikilize Baker kwa dakika tano.

Nikivuka kwenda opera, rekodi ya lazima ni Falstaff ya Solti, iliyofanyika Roma mwaka 1963 na kampuni ya RCA na baadaye kutolewa na Decca. Hii ndiyo opera ya mwisho ya Verdi, aliyekuwa na miaka 79 ilipoonyeshwa La Scala tarehe 9 Februari 1893, na ni vichekesho vinavyomtaka baritoni aimbe kama mzungumzaji na azungumze kama mwimbaji. Evans alikuwa ameshaishi na mhusika huyu, bwana mzee mnene anayetongoza wake za watu, jukwaani kwa miaka sita. Inasikika kuwa hasomi noti, anamjua mtu.

Chukua kile kipande kifupi cha tendo la pili, ambapo Falstaff anamwambia Alice, mke wa Ford anayemtongoza, kwamba alipokuwa kijana mtumishi wa mtawala wa Norfolk alikuwa mwembamba, mwepesi kiasi cha kupita ndani ya pete. Kinachukua takriban nusu dakika. Waimbaji wengi wanene wa sauti hukipitia kwa ukubwa uleule wanaoutumia kuwafokea watumishi. Evans anaipunguza sauti hadi inakuwa ya kijana kweli, anagusa maneno kwa ncha ya ulimi, na kwa nusu dakika hiyo Alice anaweza kuamini kwamba kulikuwa na mtu wa namna hiyo. Kisha angalia mwanzo wa tendo la tatu, Falstaff akiwa ameloa baada ya kutupwa mtoni Thames, akiilaani dunia na kuagiza divai ya moto. Divai inapoanza kumpasha joto, mtetemo mdogo unazaliwa ndani ya okestra, unasambaa kutoka chombo hadi chombo mpaka wote wanatetema, na Evans anaacha sauti yake ikue sambamba nao badala ya kushindana nao. Solti anaendesha kwa kasi na mara nyingine kwa ukali ambao si kila mtu ataupenda, hasa katika makundi ya wanawake wanne, lakini mpigo wake mkavu unamfaa mwimbaji anayetamka hivi.

Faida nyingine ya rekodi hii ni kwamba ina baritoni wawili wa hulka tofauti wanaokutana uso kwa uso. Ford, mume wa Alice, ni Robert Merrill wa Marekani, mwenye sauti kubwa na ya dhahabu kuliko ya Evans, naye anapoimba wivu wake peke yake unasikia chombo bora zaidi. Ila mara tu Evans anaporudi amevaa nguo zake za kutongozea, unajua ni nani mwenye mchezo. Mirella Freni na Alfredo Kraus kama wapenzi vijana ni zawadi ya ziada, na Giulietta Simionato anamcheza Bibi Quickly kwa noti za chini ambazo peke yake zinatosha kukuchekesha.

Die Meistersinger ya Karajan, iliyorekodiwa Dresden, inahitaji mtu mwenye subira na saa nne na zaidi za nafasi. Evans ni Beckmesser, karani wa mji wa Nuremberg anayechukiwa na kila mtu na kuimba vibaya chini ya dirisha la msichana. Kejeli ya bahati ni kwamba fujo anayoisababisha usiku ule ndiyo inayomleta mlinzi wa usiku, ile nafasi ndogo ya mwaka 1948, ambayo hapa imeimbwa na Kurt Moll. Evans hamfanyi Beckmesser kuwa kikaragosi. Anamwimba kama mtu msomi anayeamini kanuni zake, na kwa hiyo aibu yake inauma. Kijerumani chake kinatambulika kuwa cha mgeni katika sehemu mbili tatu, na kwa mhusika anayejidai usahihi hilo ni doa, si kubwa.

Upande wa mitambo, rekodi za Sargent bado ni safi kwa umri wake, sauti za watu zikiwa zimewekwa mbele na okestra ikiwa nyuma kidogo, jambo linalomsaidia anayefuatilia maneno. Ukinunua toleo lisilo na kijitabu cha maneno, tafuta maandishi ya Gilbert kando, maana bila mazungumzo kisa cha The Yeomen of the Guard hakifuatiliki. Mali ya EMI ya muziki wa aina hii iko sasa chini ya Warner Classics, na opereta hizi hupatikana kwa mfululizo mzima au moja moja. Mimi ningenunua moja moja: Yeomen kwanza, kisha Falstaff, kisha Wagner kwa anayeweza. The Mikado iazime.

Kuna rekodi nyingine ambayo wauzaji huipendekeza kwa jina la Evans, nayo ni Le nozze di Figaro ya mwaka 1970 chini ya Otto Klemperer, aliyekuwa amevuka miaka 80. Mwendo ni wa pole kiasi kwamba Figaro, mtumishi anayetakiwa kuwa hatua moja mbele ya bwana wake, anapata muda wa kufikiri mara mbili kabla ya kila hila. Evans, akikaribia miaka 48, anabeba mzigo huo kwa heshima, lakini wepesi aliokuwa nao Covent Garden na Milano haukupata nafasi. Anayeinunua aifanye hivyo kwa ajili ya Reri Grist, anayemwimba Susanna, mchumba wa Figaro.